Mdaiwa na Hesabu ya Nyumba Yake





Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza, akauliza kama maiti yule alikuwa na deni. Alipojibiwa kuwa anadaiwa dinari chache, aliwaacha masahaba wamsalie wenyewe. Naye hakumsalia mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inaamuru deni liandikwe. Basi mdaiwa na aanze kwa kalamu. Wengi hukwepa kuandika, kwa kuwa deni lisiloandikwa huonekana dogo.

Tuchukue mfano wa mtu apataye shilingi 30,000 kwa mwezi. Kodi ya nyumba ni 8,000, chakula 12,000, nauli 3,000, maji na taa 2,000. Zimebaki 5,000. Anadaiwa dukani 6,000, na jirani yake 14,000. Twamshauri aweke 1,000 kwa ajili ya maradhi, asije akakopa tena mtoto akishikwa na homa, na zile 4,000 awagawie wadai wake sawasawa. Baada ya miezi 3 deni la duka limekwisha. Kisha jirani apewe 4,000 nzima kila mwezi, na katika mwezi wa 5 mtu huyu yu huru. Fedha hizo azitoe siku ile ile apokeapo mshahara. Akingojea masalio ya mwisho wa mwezi, hatayaona.

Katika miezi hiyo hapana karamu ya kukopea, wala nguo za Idi za kushindana. (Walima wa harusi ni sunna, lakini sunna haikutaja mahema na wapiga picha.)

Tahadharini na mikopo ya simu, iliyoanza kuenea Kenya tangu mwaka 2012. Akopaye 1,000 akatozwa 75 kwa mwezi, kisha akakopa tena na tena kwa miezi 12, amelipa 900, na ile 1,000 angali akidaiwa. Sisi twaona ziada hiyo ni riba, hata ikiitwa ada.

Mshahara ukichelewa, mwendee mdai kabla ya siku ya ahadi, usimkimbie njiani. Naye mdai ameamrishwa kumpa muhula aliye katika dhiki. Ama mwenye uwezo anayechelewesha kulipa, huyo ni dhalimu. Aliyeelemewa kabisa asione haya kuwaeleza watoaji zaka, maana wenye madeni ni miongoni mwa mafungu manane yanayostahiki.

Daftari hilo mkeo na wanao walijue lilipo, kwani mirathi haigawanywi mpaka madeni ya marehemu yalipwe.