Una Umri Gani, na Umepima Utumbo?

Huku Nyansurura mfugaji akiona damu kwenye kinyesi cha ng'ombe, bwana mifugo anaitwa siku hiyo hiyo. Akiiona kwenye choo chake mwenyewe anasema ni bawasiri, ananunua dawa ya mizizi mnadani na kunyamaza. Hata mke wake hajui.

Leo nataka tuzungumze saratani ya utumbo mpana, hasa habari ya umri. Mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo. Hakiumi, na huchukua miaka mingi kugeuka saratani. Kikionekana mapema, daktari hukitoa kwa mpira mwembamba wenye kamera, na habari inaishia hapo. Ndiyo maana wataalamu hawangoji maumivu, wanahesabu miaka. Marekani walikuwa wakianza kupima wasio na dalili yoyote katika miaka 50. Mwaka 2021 wakashusha hadi 45, kwa kuwa wenye umri mdogo walizidi kuugua, na wanaendelea hadi 75. Ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua, unaanza na 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika yeye, ukitangulia upi. Baba akigundulika na miaka 45, mtoto aanze na 35.

Uingereza kifaa cha kupima kinyesi hutumwa nyumbani kwa posta. Kwetu hakuna barua itakayokuita. Anza wewe kuuliza kituo cha afya, wakuelekeze mbele, pengine hadi Bugando, Mwanza. Nauli na gharama ni mbuzi kadhaa, najua. Na wewe mzee unayejua rika lako la tohara lakini si mwaka wa kuzaliwa, njoo parokiani tufungue kitabu cha ubatizo.

Ila ukiona damu, choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, au ukikonda bila sababu, usihesabu miaka. Nenda, hata kama una 25.

Marko anasimulia mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Alimaliza mali kwa waganga, kisha akamjia Bwana kwa nyuma asionekane. Bwana hakumwacha aondoke kimyakimya. Alimtafuta katika umati mpaka akaeleza yote. Nadhani hapo ndipo pagumu kwetu wanaume wa Mara, kueleza. Ukifika kituoni usiseme tumbo linasumbua. Sema damu kwenye choo. Nesi ameshalisikia neno hilo kabla yako.