Amani ya moyo haipatikani kwa kufunga mlango

Na Mwandishi Wetu

JE, mpenzi msomaji, umewahi kulala kitandani mwako, mlango umefungwa kwa komeo, watoto wamesinzia, karo imelipwa na unga umo jikoni, lakini usingizi ukakataa katakata kuja? Kama umewahi, basi unajua kwamba utulivu wa nyumba ni kitu kimoja na utulivu wa moyo ni kitu kingine kabisa.

Wakazi wa Eldoret wanalijua jambo hili kuliko wengi. Mji huu, ambao wakongwe bado huuita Sisibo kwa sababu ya shamba nambari 64 ulipoanzia, ulipandishwa hadhi kuwa jiji mwezi wa Agosti 2024. Watu huujia kwa masomo, kwa matibabu, kwa biashara ya mahindi na kwa mazoezi ya mbio. Lakini kwa walio na umri wa kukumbuka, Eldoret pia ni mji wa Januari 2008.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi wakati huo. Kura zilipigwa Desemba 27, 2007, na matokeo ya urais yakatangazwa Desemba 30. Kabla ya mwaka mpya kuingia, moshi ulikuwa umetanda pande zote. Siku ya Januari 1, kanisa la Kenya Assemblies of God lililoko Kiambaa, nje kidogo ya mji, liliteketezwa likiwa limejaa watu waliolikimbilia wakiamini kwamba hakuna atakayethubutu kuigusa nyumba ya Mungu. Wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Kote nchini, ghasia hizo ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafukuza makwao malaki ya wengine.

Familia yetu ilinusurika. Mama alinyakua blanketi, sufuria moja na cheti changu cha kuzaliwa, tukakimbilia Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu.

Lango lililofunguliwa

Aliyeamuru lango la kanisa hilo lifunguliwe alikuwa Askofu Cornelius Korir, aliyeliongoza Jimbo Katoliki la Eldoret kuanzia mwaka wa 1990 hadi alipofariki Oktoba 2017. Yeye alikuwa Mkalenjin. Wengi wa waliolala katika uwanja wake walikuwa wa jamii nyingine, hasa Wakikuyu, na idadi yao ilikadiriwa kufika 10,000. Wapo watu wa jamii yake mwenyewe waliomwona kuwa msaliti. Hata hivyo, hakulifunga lango lile.

Nilipokuwa mtoto nilidhani kwamba mtu wa namna hiyo hana hofu. Sasa nadhani nilikosea. Amani ya moyo ambayo Ukristo unaifundisha haimwondolei mtu hofu. Humwezesha kufanya lililo haki hali hofu ingali imemkaa kooni. Ukisoma Injili ya Yohana, sura ya 14, utaona kwamba Yesu aliwaahidi wanafunzi wake amani usiku ule ule aliokuwa akingoja kukamatwa. Naye Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi juu ya amani inayozipita akili za binadamu akiwa kifungoni. Wote wawili hawakungoja mambo yatulie kwanza.

Ibada bila usingizi

Tulipata nyumba nyingine ya kupanga, yenye geti na mlinzi. Mama alirudi kwaya, akafunga, akaombea wagonjwa, akatoa sadaka. Lakini usiku nilimsikia akitembea sebuleni. Kila jina la mama mmoja, jirani yetu wa zamani, lilipotajwa, kikombe kilitetemeka mkononi mwake. Walikuwa wakiazimana sukari na chumvi. Mama alikuwa amembeba mgongoni mtoto wa mwanamke yule. Na siku nyumba yetu ilipochomwa, jirani huyo alisimama kando ya ua akatazama, asiseme neno.

"Mwanangu, nimemsamehe," Mama alizoea kuniambia. Ila hakutaka tupite njia ile.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Tunaitafuta amani kwa kulifunika jeraha. Tunaongeza mikesha na kuhama kanisa, na siku hizi tunasikiliza mahubiri kwenye simu hadi saa nane za usiku, lakini jina moja tu la mtu hutosha kuyabomoa yote. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, Yesu analifundisha jambo hili bila kuzunguka: ukifika madhabahuni na sadaka yako ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, uende mkapatane kwanza. Njia ya kwenda kwa Mungu, kwa hiyo, hupitia kwa jirani.

Kusema kabla ya kula

Askofu Korir aliifanya njia hiyo kuwa kazi ya miaka mingi, na mwaka wa 2009 jimbo lake lilichapisha kitabu chake, Amani Mashinani. Mpango wake ulikuwa wa hatua kwa hatua. Jamii zilizopigana hazikukusanywa uwanjani mara moja zipeane mikono mbele ya kamera. Kwanza watu wachache waliendewa mmoja mmoja. Kisha kila upande ulikaa peke yake ukatoa yaliyokuwa moyoni, hasira na machozi pamoja. Baada ya hapo ndipo vikundi vidogo vya pande zote mbili vilikutana, vikala chakula pamoja, hatimaye vikaingia katika miradi ya kuwaunganisha, kama vile barabara au josho la ng'ombe.

Tazama mpangilio huo, msomaji. Uchungu husemwa kabla ya kuketi mezani pamoja.

Sijui kama Mama alikuwa na habari za hatua hizo. Ninalojua ni kwamba Jumamosi moja, miaka kadhaa baadaye, alivaa leso yake, akaniambia nimsindikize, tukapanda matatu hadi mtaa wetu wa zamani. Jirani alitaka kukimbilia jikoni kuteleka chai. Mama akamzuia.

"Keti kwanza, mama. Nina maneno. Nikinywa chai yako kabla sijayasema, yatanikaba."

Akayasema yote. Jirani hakujitetea. Alieleza kwamba vijana walikuwa wamemwambia nyumba yake ndiyo ingefuata kama angefungua mdomo, na kwamba tangu siku ile yeye naye hakuwa na usingizi. Walilia wote wawili. Chai ililetwa baadaye sana, ikiwa imechemka kupita kiasi, na Mama akanywa vikombe viwili.

Wahenga walisema kwamba amani haiji ila kwa ncha ya upanga. Siku hiyo mimi niliiona ikija kwa vikombe viwili vya chai.

Amani inayodumu

Tusidanganyane. Kiwanja chetu hakikurudi, na kusamehe hakumzuii mtu kudai haki yake. Mama bado ana usiku mbaya, hasa uchaguzi unapokaribia. Tofauti ni kwamba sasa amani yake ikiondoka, anajua njia ya kuirudia.

Kwa msomaji anayeitafuta amani ya namna hiyo, yapo mambo ya kuanzia:

• Mwambie Mungu ukweli katika sala, hata kama ukweli huo ni hasira. Zaburi zimejaa vilio vya watu waliofanya hivyo.

• Litaje jina la mtu anayekunyima usingizi. Usiombe kijumla tu.

• Tafuta mtu mmoja mkomavu wa kukusikiliza, awe padri, mchungaji, shangazi au mzee wa kanisa.

• Ikiwa ni salama, nenda ukazungumze. Kama mtu huyo ni hatari kwako, au amekwisha kufariki, samehe ukiwa mbali. Hulazimiki kurudi mikononi mwa anayekuumiza.

• Usiku wa bila kulala ukizidi, nenda hospitali. Kumwona daktari si upungufu wa imani.

• Rudia tena kesho. Amani ni kama shamba la mahindi: palizi ya mara moja haitoshi.

Askofu Korir alizikwa katika kanisa lile lile alilolifungua. Mama hupita hapo baada ya misa, husimama kidogo, kisha huondoka upesi. Jirani yake wa zamani huja kututembelea Jumapili, na Mama hapendi kumkuta mgeni mlangoni kabla sufuria haijapanda jikoni.