Lifti ya Hoteli Haikuletwa na Maghorofa Marefu

Wengi wetu tukiitaja lifti huwaza majengo marefu. Tunaamini kwamba maghorofa yalirefuka kwanza, watu wakachoshwa na ngazi, ndipo mafundi wakatafuta namna ya kuwapandisha. Tarehe zinakataa. Fifth Avenue Hotel ya New York ilifunguliwa mwaka 1859 ikiwa na lifti ya abiria, na jengo lenyewe halikuzidi ghorofa sita, kimo ambacho mtu mwenye afya angekipanda kwa miguu bila kunung'unika sana. Jengo la kampuni ya bima ya Equitable katika mji huohuo, linalotajwa kuwa la kwanza la ofisi kuwekewa lifti za abiria, lilikamilika mwaka 1870. Home Insurance Building la Chicago, ambalo wengi hulihesabu kuwa mwanzo wa maghorofa marefu ya fremu za chuma, lilikuja 1885. Hoteli ilitangulia, na haikusukumwa na urefu. Ilisukumwa na mgeni: kafika na masanduku, ana vumbi la safari, pesa yake iko mkononi, na hataki kutoka jasho kabla hajakiona chumba.

Lifti yenyewe ilikuwa kioja. Fundi wake, Otis Tufts, hakuziamini kamba. Alisimamisha skrubu nene ya chuma kutoka chini ya jengo hadi juu, akaipitisha katikati ya kibanda, na injini ya mvuke ikawa inaizungusha. Kibanda kikapanda polepole kama nati kwenye bolti. Hapakuwa na kamba ya kukatika, lakini gharama ilikuwa kubwa na mwendo wa kujikokota, hata mwaka 1875 ikang'olewa na nafasi yake kuchukuliwa na lifti ya kamba. Hata hivyo ilikuwa imeshaonyesha njia ya biashara. Katika hoteli zisizo na lifti chumba cha juu ndicho kilichokuwa rahisi, kwa sababu sehemu ya bei mgeni aliilipa kwa magoti yake. Lifti ikaupindua mpango huo. Juu kuna upepo, kuna mandhari, na makelele ya barabarani hayafiki vizuri. Leo chumba ghali kuliko vyote kiko karibu na paa, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Mjuzi wa historia atanipinga hapa. Atasema Elisha Otis alionyesha breki yake ya usalama mjini New York mwaka 1854, akiwa amesimama kwenye jukwaa lililoinuliwa huku akiamuru kamba ikatwe, na kwamba mwaka 1857 lifti yake ilifungwa katika duka la Haughwout, Broadway. Ni kweli, duka liliitangulia hoteli kwa miaka miwili. Lakini duka lile lilikuwa la ghorofa tano tu, likiwauzia wenye nazo vyombo vya kaure na vya kioo, kwa hiyo ushahidi huo unaniunga mkono: hapo pia lifti ilifuata starehe ya mteja. Huku kwetu Beit el-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, inasifika kuwa jengo la kwanza la Afrika Mashariki kupata lifti ya umeme. Ile ilikuwa kasri ya sakafu chache zenye dari ndefu. Kilichohitaji lifti pale kilikuwa hadhi.

Asili hiyo ya kumhudumia mgeni bado inaonekana. Ofisini asubuhi karibu wote wanapanda, jioni karibu wote wanashuka, na mhandisi anaweza kupanga hesabu zake akijua hivyo. Hotelini asubuhi mmoja anashuka kunywa chai, mwingine anarudi chumbani, watatu wanaondoka na mizigo, na hapohapo basi limeshusha kundi la watalii. Tazama kile kibao cha ndani: watu 13, kilo 1,000. Hesabu hiyo humkadiria mtu mmoja kuwa na kilo 75, wala haijui kuwa ana sanduku la magurudumu lililokula nafasi ya mwenzake. Watu 13 wenye mizigo hawaingii humo, hata wakibanana. Ndiyo maana naona hoteli zinazojisifia kasi ya lifti zinajisifia kitu kisicho na uzito mkubwa. Mgeni hahesabu mita kwa sekunde; anahesabu muda aliosimama mbele ya mlango uliofungwa.

John Portman, msanifu wa Marekani, aliuelewa upande mmoja wa jambo hili. Katika Hyatt Regency ya Atlanta, iliyofunguliwa 1967, alizitoa lifti kwenye mashimo yenye giza akazipandisha zikiwa na vioo na taa katikati ya ukumbi wa ghorofa 22. Wapo walioona ni mbwembwe, na wanaoogopa urefu hawakumshukuru. Mimi namtetea, maana aliifanya safari iwe sehemu ya kile mgeni anacholipia. Ila kioo hakipunguzi foleni. Hoteli yake nyingine, Marriott Marquis ya New York ya mwaka 1985, ina vyumba zaidi ya 1,800, na malalamiko ya kungoja yaliiandama mpaka ikabadilishiwa mfumo: mgeni anabonyeza namba ya ghorofa akiwa bado ukumbini, mtambo unamwambia aingie lifti ipi, na wanaokwenda sehemu moja wanakusanywa pamoja. Wapinzani wanasema mfumo huo unawachanganya wageni, kwa kuwa ukishaingia ndani huoni safu ya vitufe uliyoizoea. Wana haki, lakini hiyo ni kasoro ya maelekezo, na inatibika kwa kibao kinachosomeka au mhudumu mmoja wa kusimama pale siku za mikutano mikubwa.