Gurudumu Kubwa Lilingoja Tairi

Njia za Busasamana, nchini Rwanda, zimekaa juu ya ardhi ya volkano, na viazi vinavyovunwa huko vinashuka sokoni juu ya mawe. Mtu anayesukuma gunia kwenye baiskeli mlimani anajua tofauti ya gurudumu linalopanda jiwe na linalogota.

Afrika Mashariki ina magurudumu makubwa tangu zamani. Ringi ya baiskeli ya Phoenix ya inchi 28 ina kipenyo cha milimita 635. Ile inayoitwa ya inchi 29, iliyobadilisha baiskeli za milimani duniani, ina 622 tu. Inchi inayozidi inatokana na unene wa tairi. Tairi ya Phoenix ina upana wa milimita 40 hivi, na hapo ndipo inaposhindwa na mawe.

Mafundi wa California walioanza kuchomelea fremu za milimani, Joe Breeze mwaka 1977 na Tom Ritchey baada yake, walitumia inchi 26 kwa sababu tairi nene zilizokuwepo zilikuwa za baiskeli za kampuni ya Schwinn za miaka ya 1930. Mwingereza Geoff Apps aliona mapema kwamba ringi kubwa ingefaa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliwapelekea Wamarekani tairi za Finland, lakini hazikupatikana za kutosha, na wazo likalala. Fundi wa baiskeli Wes Williams wa Colorado aliendelea kulipigania. Fundi mmoja anaweza kuunda fremu karakanani mwake. Tairi inahitaji kiwanda. Mwaka 1999 kampuni ya WTB ilipotoa Nanoraptor, tairi nene ya ringi ya 622, ndipo wengine wakafuata. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, Jaroslav Kulhavý alishinda mbio za milimani kwa inchi 29. Adrien Niyonshuti wa Rwanda alimaliza wa 39 katika mbio hizohizo.

Ritchey huyohuyo alifika Rwanda mwaka 2005, akabuni baiskeli yenye sehemu ndefu ya nyuma kwa ajili ya wakulima wa kahawa. Heshima hiyo ya kubuniwa baiskeli inayofaa kazi yake, mkulima wa viazi anaistahili pia. Wachomeleaji wapo, na kutanua uma wa mbele na wa nyuma ili tairi ya milimita 50 ipite si kazi ngeni kwao. Kinachotakiwa ni wauza vipuri walete ringi za 622 na tairi zake nene, kwa bei ambayo magunia machache ya viazi yanaweza kulipa.