Uzi, Rula na Kiazi Kitamu

Sokoni viazi vitamu huuzwa kwa mafungu, na mnunuzi hushawishika kuchukua fungu lenye viazi vikubwa. Kwa mpishi, hata hivyo, unene una maana zaidi kuliko uzito. Joto huingia katika kiazi kutoka nje kuelekea kitovuni, na muda wa safari hiyo huongezeka takriban kwa kipeo cha pili cha unene. Kiazi chenye kipenyo cha sentimita 8 huhitaji karibu mara 4 ya muda wa kiazi cha sentimita 4. Vikichemshwa pamoja, chembamba huwa rojorojo ilhali kinene kingali kibichi ndani, na kuni huteketea bure.

Kupima ni rahisi. Uzi huzungushwa kiazi mahali kilipo kinene zaidi, hupimwa kwa rula, na urefu wake hugawanywa kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 16 huonyesha kipenyo cha sentimita 5 hivi. Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili kwa chungu na saa.

Baada ya unene hutazamwa rangi. Kiazi cha rangi ya chungwa ndani kina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Upungufu wa vitamini hiyo huweza kuwapofusha watoto. Kwa kazi ya kueneza viazi hivyo, Robert Mwanga wa Uganda alikuwa miongoni mwa wanasayansi 4 waliotunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Kiazi kilichotobolewa na fukusi kisinunuliwe: hujitengenezea sumu chungu ambayo moto wa jikoni hauiondoi yote.