Dada wawili na deni la mama

Mama akifariki katika nyumba za Waislamu wa pwani, huoshwa na wanawake, na mabinti zake wakiweza hutangulizwa. Dada waliokuwa hawasemezani kwa miaka hujikuta chumba kimoja, mlango umefungwa, ubani unafuka. Mmoja anamimina maji ya majani ya mkunazi, mwenzake anasugua, kuanzia upande wa kulia. Maiti hageuzwi na mtu mmoja. Lazima mtu aseme: “Shika hapa. Ongeza maji. Taratibu, dada.” Nywele husukwa misokoto mitatu, maji ya mwisho hutiwa kafuri, kisha huja sanda ya nguo tano. Kwa baadhi yao, maagizo hayo ya kuosha ndiyo maneno ya kwanza kupeana tangu wagombane.

Wanaowaona wakilia bega kwa bega husema msiba umewapatanisha. Naona ni mapema mno. Msiba umewakutanisha tu. Tanga likianuliwa, jamaa wa mbali hupanda mabasi, masufuria ya kukodi hurudishwa, na yale yaliyowatenganisha huwa bado yamo ndani ya nyumba.

Mara nyingi chanzo ni hiki. Mmoja alibaki na mama, akampeleka kliniki, akamwogesha, akakesha. Mwingine alikwenda Muscat au Dubai kufanya kazi za nyumbani, na pesa alizotuma zikanunua dawa na kuezeka bati. Wa kwanza husema, “Ulituma pesa, hukutuma mikono.” Wa pili hujibu, “Mikono yako ilikula jasho langu.” Wote wawili wanasema kweli, ndiyo maana inauma.

Mirathi haiamui kesi hiyo. Sura ya An-Nisaa inawapa mabinti wawili au zaidi, pasipo mtoto wa kiume, theluthi mbili, nao wanagawana sawa. Haiulizi nani alikesha. Lakini kabla ya fungu la mtu yeyote hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni ya marehemu, kisha wasia usiozidi theluthi. Tumaini langu kubwa liko hapo kwenye madeni. Dada hawa wanapaswa kuyatafuta pamoja: dukani alikokopa unga, kwa wenzake wa mchezo wa upatu, kwa jirani aliyemwazima nauli ya hospitali. Asiende mmoja akamletea mwenzake hesabu. Kila mlango una habari za mama. Aliyekuwa ughaibuni atasikia usiku wa kuuguza ulikuwaje, na aliyebaki atasikia mama alivyokuwa akimtaja yule wa mbali.

Kuna jambo jingine ambalo hatulisemi vya kutosha. Aliyemuuguza mama aliomba apone, na hakupona. Wapo wanaotoka msibani wakiwa wameacha kuswali, au wanaswali moyo ukiwa mkavu. Tena mafundisho ya Mtume yanakataza kumhama ndugu zaidi ya siku tatu, na anayelijua hilo hubeba aibu hadi kwenye mswala. Mtu wa namna hii asiharakishiwe mawaidha. Aachwe amwambie dada yake hasira zake, maana dada ndiye mwingine aliyempoteza mama huyohuyo. Tumefundishwa pia kwamba amali ya maiti hukatika isipokuwa mambo matatu, mojawapo mtoto mwema anayemwombea. Dua hiyo wanaweza kuiomba pamoja, hata kwa simu ya Alhamisi jioni, kabla hawajaweza kuzungumza mengine.

Aliyebaki ashukuriwe kwa maneno, mbele ya wazee, na anayeshukuru awe dada yake. Huyo dada akipenda, baada ya mafungu kujulikana, anaweza kumwachia sehemu ya fungu lake. Ni hiari yake, wala asishinikizwe. Kama kuna nyumba, makubaliano yaandikwe na kusainiwa, na penye Mahakama ya Kadhi, kama Kenya na Zanzibar, yapelekwe huko, kabla likizo ya aliyetoka Muscat haijaisha.