Kwa Nini Dereva Mzoefu Hufeli Mtihani wa Maandishi wa CDL

Dereva aliyevusha makontena kutoka bandari ya Mombasa hadi Kampala, au aliyeushuka mlima Kitonga na shehena mgongoni mvua ikinyesha, akifika Marekani huambiwa aanze upya. Leseni yake ya malori haihamishiki, maana Marekani inazitambua za Kanada na Mexico tu. Basi anakaa mbele ya kompyuta katika ofisi ya leseni ya jimbo na kukutana na swali hili: lori tupu na lori lililojaa, lipi linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama? Anacheka kimoyomoyo, anabonyeza lililojaa. Amekosa.

Kitabu cha mwongozo cha jimbo kinasema tupu. Breki, springi, matairi na shokamzoba za gari zito zimeundwa zifanye kazi vizuri likiwa na mzigo wake. Likiwa tupu, matairi hayaikamati barabara sawasawa; hurukaruka, magurudumu hujifunga, gari huteleza. Dereva wetu huenda amewahi kuyaona hayo kwa macho yake, ila swali lilimkuta anawaza uzito peke yake. Mtihani wa maandishi haupimi miaka yako barabarani. Unapima kama umekisoma kitabu cha jimbo lako na kuelewa sababu zake. Ninaowaona wakiangushwa hapa mara nyingi ni wazoefu, kwa sababu mgeni wa kazi hana kitu kingine cha kukitegemea isipokuwa kitabu.

Historia ya leseni yenyewe tuipitie haraka. Zamani, katika majimbo mengi, mwenye leseni ya gari dogo aliruhusiwa kuendesha trela, na wapo madereva waliokuwa na leseni za majimbo kadhaa ili makosa yao yatawanyike. Sheria ya mwaka 1986 ilikomesha hayo, na tangu tarehe 1 Aprili 1992 hakuna anayeruhusiwa kuendesha gari kubwa la biashara bila CDL, yaani leseni ya udereva wa magari ya biashara. Daraja A ni la magari yaliyounganishwa yenye uzito wa pauni 26,001 au zaidi, ambapo kinachovutwa kinazidi pauni 10,000. Daraja B ni gari moja lenye uzito huo bila trela kubwa. Daraja C ni la magari madogo kuliko hayo yanayobeba watu 16 au zaidi, dereva akihesabiwa, au mizigo ya hatari inayohitaji mabango.

Anayetaka daraja A hufanya karatasi tatu. Katika majimbo mengi kuna maswali 50 ya maarifa ya jumla, 25 ya breki za upepo na 20 ya magari yaliyounganishwa. Alama ya kufaulu ni asilimia 80, yaani 40, 20 na 16. Kuna wanaoshawishika kuiruka karatasi ya breki za upepo ili wamalize mapema. Wasifanye hivyo. Leseni itawekewa alama ya L, inayokuzuia kuendesha gari lolote lenye breki hizo, na matrela ya kazi karibu yote yanazo.

Kitabu cha mwongozo kinatolewa bure na kila jimbo, na maswali yote yanatoka humo. Kwa daraja A, sura za kusomwa kabla ya karatasi hizo ni ya 1, 2, 3, 5 na 6. Programu za simu zenye maswali ya mazoezi zina faida yake, lakini ziwe za kujipima baada ya kusoma. Anayeanza na programu huishia kukariri kwamba jibu ni B, na siku ya mtihani swali lile lile linakuja limegeuzwa: safari hii wanauliza lipi si kweli.

Sura ya 5, ya breki za upepo, ndiyo inayowatoa watu jasho. Imejaa namba, na namba zenyewe zimepangwa katika psi, yaani pauni kwa inchi ya mraba. Dereva aliyezoea Scania au Actros alikuwa akisoma geji ya bar. Ajue tu kwamba psi 125 ni kama bar 8.6, na psi 60 ni kama bar 4.1, kisha asahau bar mpaka mtihani upite.

Usizikariri namba hizo kama orodha. Zifuate upepo unavyoshuka. Kompresa inajaza mitungi. Shinikizo likifika psi 125 hivi, gavana, yaani kidhibiti cha kompresa, inaizuia isiendelee kusukuma. Unakanyaga breki, upepo unatumika, na ukishuka hadi 100 hivi gavana inairudisha kompresa kazini. Mpaka hapo mambo ni ya kawaida. Ukizidi kushuka, kuna kinachovuja au kompresa imechoka, na kabla geji haijapita chini ya 60 hivi (hakikisha namba ya kitabu cha jimbo lako) lazima ishara ya onyo itokee: taa nyekundu, mara nyingi na mlio. Ukipuuza, mahali fulani kati ya psi 45 na 20 breki za springi zinakamata zenyewe. Springi hizo zenye nguvu huzuiwa na upepo muda wote unaoendesha. Upepo ukiisha, springi inashinda. Kwa hiyo onyo la 60 lipo ili usimame salama wakati breki bado unazimudu, usisubiri springi zikuchagulie mahali.

Kisha kuna kipimo cha uvujaji, kinachoulizwa hapa na tena siku ya mtihani wa vitendo. Injini imezimwa, breki zimeachiwa: gari moja lisipoteze zaidi ya psi 2 kwa dakika. Likiwa na trela, zisizidi 3. Ukikanyaga breki na kushikilia, gari moja lisizidi 3, na lenye trela lisizidi 4. Mimi huwaambia wanafunzi waanze na mbili, waongeze moja kwa ajili ya trela, waongeze nyingine kwa ajili ya mguu. Sijaona namna rahisi zaidi ya kuzishika namba hizo nne.

Sura ya 6 inaendelea palepale. Kati ya kichwa na trela kuna mipira miwili ya upepo. Wa bluu unapeleka amri ya mguu wako. Mwekundu unaijaza mitungi ya trela na kuzizuia breki zake za dharura zisikamate. Mwekundu ukikatika, breki za trela zinakamata papo hapo. Je, wa bluu ukichomoka njiani? Wengi hujibu kwamba trela itafunga. Jibu la kitabu ni kwamba huenda usione chochote mpaka ukanyage breki. Hapo upepo utatoka kwa kasi, shinikizo litashuka, na ndipo breki za dharura zitakapokamata. Aliyeuelewa mpira mmoja mmoja unafanya nini hahitaji kulikariri jibu hilo. Sura hiyo hiyo ina swali la kimo cha trela wakati wa kuunga: iwe chini kiasi kwamba kichwa kikirudi nyuma chini yake kiinyanyue kidogo. Ikiwa juu mno, huenda isishike sawasawa.

Mteremko nao una mtego wake. Tumezoea kusikia ushauri wa aina mbili: kanyaga kidogo kidogo mfululizo, au pampu. Kitabu hakitaki yoyote kati ya hizo mbili. Gia ndogo iingie kabla hujaanza kushuka, na injini ndiyo izuie gari. Kama mwendo salama ni maili 40 kwa saa, subiri ufike 40, kanyaga breki kwa uthabiti mpaka 35, achia, subiri tena. Mkanyago mmoja huchukua kama sekunde 3. Breki zinapata nafasi ya kupoa, na upepo hauishi.

Umbali kati yako na gari la mbele hupimwa kwa sekunde, na hili naona ni jambo la busara kuliko kumwambia dereva akadirie futi. Acha sekunde 1 kwa kila futi 10 za urefu wa gari lako. Ukizidi maili 40 kwa saa, ongeza 1. Gari la futi 60 katika mwendo wa maili 55 linahitaji sekunde 7. Macho yatazame mbele sekunde 12 hadi 15. Na kwa maili 55, ambazo ni kama kilomita 88, hesabu ya kusimama ni hii: futi 142 zinapita ubongo ukitambua hatari, 61 mguu ukihama, 216 breki zikifanya kazi. Jumla ni 419, karibu mita 128, ambazo ni zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Breki za upepo huongeza futi 32 nyingine kwa sababu upepo unachukua muda kusafiri ndani ya mabomba. Ukiongeza kasi mara mbili, umbali wa kufunga breki unakuwa mara nne, si mara mbili.

Namba nyingine ni za kukaririwa tu, hazina hadithi. Kashata za matairi ya mbele ziwe na kina kisichopungua 4/32 ya inchi, mengine 2/32. Usukani usicheze zaidi ya nyuzi 10. Mzigo ufungwe mkanda mmoja kwa kila futi 10, isipungue miwili, na nguvu ya mikanda yote pamoja isiwe chini ya nusu ya uzito wa mzigo. Ukague mzigo ndani ya maili 50 za kwanza, kisha kila maili 150 au saa 3, kitakachotangulia. Ukiharibikiwa njiani, pembetatu ziwekwe ndani ya dakika 10. Kwenye barabara ya njia moja au iliyotenganishwa ziwe futi 10, 100 na 200 nyuma yako. Matawi ya miti hayahesabiki. Kikomo cha kilevi katika damu ni asilimia 0.04 ukiwa kwenye gari la biashara, nusu ya kile kinachoruhusiwa katika gari dogo kwenye majimbo mengi.

Suala la lugha lisichukuliwe kijuujuu. Kanuni za taifa haziruhusu mkalimani katika mtihani huu, na kuhusu lugha inayotumika, uliza ofisi ya jimbo lako. Hata ukifaulu kwa namna yoyote, sheria inamtaka dereva asome alama za barabarani na aongee na askari kwa Kiingereza. Tangu tarehe 25 Juni 2025 anayeshindwa kipimo cha Kiingereza barabarani anaweza kusimamishwa kazi papo hapo. Kwa Wakongo wa Louisville au Wakenya wa Dallas wanaosoma pamoja, njia ninayoipendelea ni kusoma ukurasa kwa Kiingereza, kufunga kitabu, kumweleza mwenzio kwa Kiswahili, kisha kurudi kwenye Kiingereza kujibu maswali. Ukishindwa kueleza, hukuelewa, hata kama ulisoma kwa sauti nzuri. Asiye raia aulize kwanza ofisi ya jimbo lake kama hati zake zinamruhusu kuomba, kabla hajalipa ada ya shule, maana kanuni hizo zimekuwa zikibadilishwa na kupingwa mahakamani tangu Septemba 2025.

Daktari aliyeidhinishwa akukague mapema, kwa sababu bila uthibitisho wake unaweza kurudishwa mlangoni. Umri ni miaka 18 kwa kazi za ndani ya jimbo na 21 kwa kuvuka mipaka ya majimbo. Ukifaulu karatasi zote unapewa kibali cha mwanafunzi, na unaruhusiwa kuendesha ukiwa na mwenye CDL inayofaa pembeni yako tu. Mtihani wa vitendo hauwezi kufanywa kabla ya siku 14 kupita, wala kabla hujamaliza mafunzo katika shule iliyoandikishwa kwenye daftari la serikali ya taifa, sharti lililoanza tarehe 7 Februari 2022. Mafunzo hayo yana sehemu ya nadharia yenye jaribio lake la asilimia 80, na mada zake zinafanana sana na za kitabu cha jimbo. Ndiyo maana nawashauri wanaoweza waimalize nadharia ya shule kwanza, hata kama kwa karatasi hizi tatu si lazima, kisha ndipo waende ofisi ya leseni. Kwa anayetaka kubeba mizigo ya hatari si hiari: nadharia hutangulia mtihani, na alama za vidole huchukuliwa kabla ya kupewa idhini ya mizigo hiyo.